Mkeka wa Vuli 30: Jinsi ya Kuupima, Kuusuka na Kuukalia

Mama mkwe wangu anasuka tangu kabla sijazaliwa. Siku nilipomwambia nataka mkeka ambao rangi zake zimepangwa na mvua, alicheka mpaka akaiweka kazi yake chini. "Mwalimu," akaniambia, maana akitaka kunitania haniiti mwanangu, "rangi za mkeka hupangwa na jicho. Mvua ina jicho wapi?" Tulibishana wiki nzima. Mkeka tukausuka hivyo hivyo, na mengi nitakayokuelekeza hapa yametoka kwenye ubishi ule kuliko kwenye shahada yangu ya jiografia.

Nafundisha sekondari kaskazini ya Pemba. Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nachora grafu ya mvua ubaoni, wanafunzi wanainakili, wanajibia mtihani, wanaisahau. Watoto hao hao kwao kuna mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi, na mama zao wameacha kupanda mwani aina ya kotonii kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa moto na mwani huo unaoza, wamebaki na spinosamu, mwani mwingine ambao bei yake haifiki mahali. Hawakuona kwamba mambo ya nyumbani na ya ubaoni yana ukoo mmoja. Nikawa natafuta kitu ambacho mtoto akikipeleka nyumbani, bibi yake atakisoma bila kuambiwa mhimili wa X uko wapi.

Wazo lenyewe nimeliokota. Mwaka 2017 mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, Ellie Highwood, alifuma blanketi kwa kroshia, kila mstari ukiwa na rangi ya joto la dunia la mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Ed Hawkins wa chuo hicho hicho akatoa milia yake ya buluu na nyekundu, mlia mmoja kwa mwaka, bila namba wala maandishi, na ikaenea dunia nzima. Tovuti yake inatoa milia ya nchi moja moja, Tanzania imo. Nilipomwonesha mama kwenye simu na kumweleza habari ya blanketi, alinyamaza kidogo. "Kumbe walianza kwa uzi," akasema. Ubishi ukapungua nusu.

Sasa kazi. Inachukua takriban muhula mmoja ukiwa na wanafunzi, au miezi miwili mitatu ukiwa na mtu mmoja anayejua kusuka na mwingine anayejua kujumlisha.

Anza na chupa, si na ukindu

Mkeka utabeba miaka 30, kila mwaka ukili mmoja (utepe uliosukwa) wenye rangi ya mvua yake, na miaka hiyo hukuipima wewe. Ndiyo maana nasisitiza uanze kwa kupima mwenyewe, hata wiki sita tu. Mtoto ambaye hajawahi kutoka na mvua ya manyunyu kwenda kusoma kipimo haelewi kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu aliyelowa.

Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye pande zilizonyooka, zisizo na mabonde mabonde. Ikate pale inapoanza kuwa nyembamba kuelekea shingoni. Kile kipande cha juu kipindue, kitumbukize kichwa chini ndani ya chupa kiwe faneli, ukibane kwa utepe. Chini tia kokoto, kwa sababu kitako cha chupa hakiko sawa na pia hutaki upepo uibebe, halafu mimina maji mpaka yafike pande zinaponyooka. Hapo piga mstari kwa kalamu isiyofutika: ndiyo sifuri yako. Kutoka hapo kwenda juu bandika vipande vya rula au chora milimita mwenyewe.

Pa kuiweka pana maana kuliko chupa yenyewe. Kanuni ninayotumia ni kukaa mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wake: mnazi wa mita 12, basi chupa iwe mita 24 kutoka hapo. Pemba kwa mikarafuu na minazi hii utazunguka kiwanja kizima. Sisi tuliishia nyuma ya vyoo, upande wa kiwanja cha mpira, chupa imefungwa kwenye kigingi usawa wa kiuno, mdomo umekaa sawa kama sinia.

Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa hiyo hiyo, iwe imenyesha au haikunyesha. Sifuri nayo ni kipimo, iandike. Ukimaliza kusoma mwaga, rudisha maji kwenye mstari. Siku za jua kali maji ya chini hupungua, kwa hiyo asubuhi ya siku kavu ongeza yafike sifuri, la sivyo mvua ya kwanza utaipunja. Na yabadilishe maji hayo kila baada ya siku chache, usije ukafuga viluwiluwi vya mbu kwa jina la sayansi.

Ukitaka kuhakikisha chupa yako haidanganyi, pima kwa njia ya pili. Chukua bomba la sindano, fyonza maji yote yaliyozidi juu ya mstari, hesabu mililita. Gawa kwa eneo la mdomo wa chupa kwa sentimita za mraba, zidisha kwa 10, unapata milimita. Mdomo wetu una kipenyo cha sentimita 9, eneo lake ni kama 63.6, kwa hiyo mililita 64 ni milimita 10 za mvua kwa kukaribia. Wanafunzi huniuliza milimita ya mvua ni nini hasa. Huwa natandika msala na kuwaambia: milimita moja ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Paa la bati la mita 5 kwa 6 likipigwa na milimita 10 limepokea lita 300. Hapo macho yanafunguka, kwa sababu kila mmoja wao ameshachota maji.

Lilitukuta jambo moja wakati wa Idi. Siku mbili hakuna aliyekwenda kusoma. Siku ya tatu tukakuta milimita 18, na kijana aliyekuwa zamu akaandika tisa na tisa, kwa nia njema kabisa, daftari lisiwe na pengo. Nilimkalisha. Hatujui kama ilinyesha yote siku moja au ilidondoka kidogo kidogo, na kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa. Inaandikwa hivi: siku ya kwanza mstari mtupu, ya pili mstari mtupu, ya tatu 18, na pembeni neno "limbikizo". Mama mkwe alikuwepo akisikiliza, na papo hapo akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijalifikiria: "Na kwenye mkeka pengo utalisuka vipi?" Tukakubaliana kwamba mwaka usiokuwa na takwimu kamili utasukwa kwa ukindu mweupe, usiotiwa rangi. Kwa hiyo rangi nyingine yoyote isiwe nyeupe. Kumbuka hilo, linakuja.

Miaka 30 unaipata wapi

Wataalamu wa hali ya hewa hutumia miaka 30 kuielezea tabia ya mahali. Kipindi rasmi cha sasa ni 1991 hadi 2020. Mimi nilichagua 1994 mpaka 2023 kwa sababu wanafunzi wangu walitaka mkeka ufike kwenye mvua wanayoikumbuka wenyewe. Ni sawa, mradi useme.

Njia ya kwanza ni kuandika barua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ukiwa Kenya kwa Idara ya Hali ya Hewa, uombe jumla ya mvua ya kila mwezi kwa kituo kilicho karibu nawe. Eleza ni kwa ajili ya shule na uulize kama kuna ada. Njia ya pili ni takwimu za bure ziitwazo CHIRPS, zinazotolewa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Zinaanzia 1981, zimechanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo, na dunia zimeigawa katika vyumba vya kama kilomita 5 kila upande. Ni makadirio. Kwa kisiwa chembamba kama chetu chumba kimoja kinaweza kubeba kijiji chenye mvua na kijiji kikavu kwa pamoja. Ukiweza kupata vyote viwili, linganisha miaka michache uone vinapishana wapi.

Usitumie jumla ya mwaka mzima. Masika nzuri itaficha vuli mbaya, na utapata mkeka wa rangi moja. Chagua msimu. Sisi tulichukua vuli, yaani Oktoba, Novemba na Desemba, kwa sababu ndiyo msimu unaoyumba zaidi na ndio unaofungamana zaidi na hali ya Bahari ya Hindi. Upande wetu wa bahari ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua inasogea kwetu. Ikiwa kinyume, tunakauka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 2019, mafuriko Afrika Mashariki nzima bila El Niño (joto la Bahari ya Pasifiki) ya maana. Mwaka 1997 na 2023 El Niño na bahari yetu zilisukumana pamoja. Ukiwa Kilifi au Lamu mkeka wako utakuwa na hadithi nyingine kali zaidi: vuli ya 2010 iliyokatika, na misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020.

Makundi matano

Hapa walimu wenzangu hupenda kuleta hesabu nzito. Sihitaji. Andika kila mwaka kwenye kikaratasi pamoja na jumla yake ya milimita. Panga vikaratasi vyote 30 sakafuni kutoka mkavu kabisa mpaka wenye mvua kuliko yote. Hesabu sita sita. Makundi matano, rangi tano.

Sisi tulitumia kahawia kwa sita mikavu kabisa, kisha manjano, kijani hafifu kwa ya katikati, kijani kilichokoza, na zambarau kwa sita yenye mvua nyingi. Wanafunzi walitaka nyekundu kwa ukame. Nilikataa, nyekundu inamwambia mtu "hatari" kabla hajafikiri, na kwetu vuli ya zambarau inaweza kubomoa nyumba ya udongo kama vile vuli ya kahawia inavyoua muhogo.

Uzuri wa sita sita mama mkwe aliuona kabla yangu: kila rangi inahitaji ukili wa urefu ule ule, kwa hiyo unajua ununue pakiti ngapi. Ubaya wake ni kwamba mwaka wenye mvua iliyopita kiasi na mwaka uliozidi wenzake kidogo tu vinavaa zambarau sawa. Tulilitatua kwa kutia chane moja nyeusi (ukanda mwembamba wa ukindu) katikati ya ukili wa mwaka ambao jumla yake ilifika mara mbili ya wastani au zaidi. Chane moja tu, lakini jicho linaiona.

Ukindu, rangi na pima

Ukindu unaotakiwa ni wa makuti machanga, yale ya moyoni ambayo hayajafunguka. Usikate moyo wa kila mkindu unaouona. Chukua mmoja, ruka miwili. Mama mkwe analalamika kwamba sasa anaufuata mbali, kwa sababu mikindu ya bonde la karibu imeguswa na chumvi. Anika juani mpaka uwe mweupe, halafu uchane kwa ukucha au sindano. Chane ziwe na upana mmoja. Hapa ndipo wanafunzi wa kiume wanapogundua kwamba kazi ya dada zao si lelemama.

Rangi za mikeka zinauzwa dukani kwa pakiti. Chemsha maji kwenye sufuria ambayo hutaipikia tena, tia rangi, koroga, tumbukiza chane zilizofungwa kwa vicha vilegevu ili rangi ifike ndani. Kijani hafifu ni maji yale yale ya kijani kilichokoza baada ya vicha vya kwanza kutoka. Kahawia tuliipata kwa kutia kijani kidogo kidogo kwenye nyekundu, tukijaribu kwanza kwa chane moja. Watu wa zamani walitumia magome ya mkandaa. Rangi ni nzuri kwa kweli, ila kuuchuna mkoko ulio hai ili usuke mkeka wa tabianchi ni kichekesho. Anika kivulini. Juani rangi hupauka, na kahawia yako ikipauka itasomwa manjano, na ukame umekuwa nafuu bila mvua kunyesha.

Kabla ya kusuka nyunyizia chane maji zilainike. Kusuka kwenyewe siwezi kukufundisha kwa maandishi, na usimwamini anayesema anaweza. Kaa karibu na mtu anayejua. Mimi nilianza kwa chane chache tu, mama akanivunjia kazi mara nne, mara ya tano akanyamaza, nikajua inafaa. Ukili wetu ulikuwa wa vidole vitatu, karibu sentimita 5. Mara 30 unapata upana wa mita moja na nusu.

Urefu tulipima kwa pima, yaani ncha ya vidole hadi ncha ya vidole mikono ikinyooshwa, kama kawaida. Na hapa tukaharibu. Wasukaji walikuwa watano na kila mmoja alipima kwa mikono yake. Mama mkwe ni mfupi, mimi mrefu. Pima yake na yangu zinapishana kwa shubiri nzima. Tulipolaza kili tisa za kwanza kando kando zilionekana kama meno ya mzee. Nikawaambia wanafunzi: hii ndiyo sababu tunasoma chupa moja, saa moja. Mama akawaambia: hii ndiyo sababu kila nyumba ina pima ya mwenye nyumba. Tukachukua ufito wa mti wa mpera, tukaukata kwa pima yake yeye, ukawa ndio kipimo cha kila mtu. Kili zote tukazipunguza zikalingana nao.

Kushona, na ubishi wa pili

Zipange kwa mpangilio wa miaka, wa zamani kushoto. Zilaze chini kwanza bila kushona. Tulipolaza zetu ikaonekana kahawia mbili zimefuatana, kisha manjano, halafu kahawia tena. Mama akainuka, akachukua moja ya zile kahawia na kuihamishia kati ya kijani na zambarau. Kweli, mkeka ukapendeza. Nikairudisha. Akaihamisha tena. Nikamwambia, "Mama, huo mwaka hautoki pale ulipo." Akasema, "Basi mkeka wako una kidonda." Nikasema ndiyo, na tunataka kionekane.

Asubuhi yake nilimkuta ameshaanza kushona, kahawia ziko mahali pake, lakini badala ya uzi wa rangi ya ukindu anatumia uzi wa miyaa uliotiwa weusi. Kati ya kila mwaka na mwenzake sasa kuna mstari mwembamba mweusi. Kidonda kimepakwa wanja, alisema. Na mimi nikaona kitu ambacho kilikuwa kinanishinda: rangi mbili zinazofanana zikikaa pamoja zilikuwa zinaonekana mwaka mmoja mpana, huwezi kuhesabu. Kwa uzi mweusi mtoto anahesabu mwaka kwa mwaka kwa kidole mpaka anafika aliozaliwa. Kwa hiyo fanya hivyo: uzi mweusi, shazia kubwa, mishono ya karibu, na kila mwaka wa kumi piga mshono mara mbili.

Mweupe tulipata mmoja, kwa hiyo kundi moja lilibaki na miaka mitano. Mwaka huo takwimu za kituo zilikosa Novemba nzima, na kwa CHIRPS tungeweza kuuziba. Tulipiga kura darasani. Wengi walitaka ubaki mweupe.

Usiutundike

Kosa langu la mwisho ni la kiualimu. Nilitundika mkeka ukutani, nikaandika maelezo kwa kalamu nene, nikaalika wazazi. Walipita, wakasema mashaallah, wakaenda kwenye soda.

Wiki mbili baadaye mama mkwe aliubeba bila kuniuliza, akautandika barazani kwake jioni, majirani wakaukalia. Nilipofika nilikuta mzee mmoja amevua viatu, ameinama, anauliza ule wenye chane nyeusi ni mwaka gani. Nikamwambia 1997. "Ehee," akasema, "ndio huo ulioondoka na ukuta wa jikoni kwangu." Akakaa hapo hapo, juu ya mwaka wenyewe. Akaanza mwingine, na mwingine. Wanafunzi wangu wawili walikuwa na daftari na waliandika mpaka giza likaingia.

Mwanamke mmoja akapinga. Aligusa ukili wa kijani akasema huo ni uongo, mwaka huo kunde zake zote zilikauka. Mtu wa ubao ndani yangu alitaka kumjibu kwamba takwimu ndizo hizo. Nikajizuia, nikaenda kuangalia vipimo vya siku moja moja. Kumbe mvua karibu yote ya vuli ile ilishuka katika siku chache za Novemba, halafu kimya. Jumla ni nzuri, shamba limekufa. Mkeka haukuwa umedanganya, lakini ulikuwa umeulizwa swali nusu.

Kwa hiyo toleo lenu liwe bora kuliko letu: mbali na jumla ya milimita, hesabu pia siku zilizopata milimita 1 au zaidi, hicho ndicho kiwango cha kawaida cha kuiita siku ya mvua. Kwenye ncha ya kila ukili acha chane zining'inie, ufunge kifundo kimoja kwa kila siku tano. Ukiuona ukili wa zambarau wenye vifundo viwili vitatu tu, ujue maji yalikuja kwa kishindo. Sisi tulilazimika kuvifunga baadaye, na vidole viliuma.

Utaulizwa barazani kama hizi rangi ndizo mabadiliko ya tabianchi. Jibu kwa uangalifu. Vuli ilikuwa ikiyumba tangu enzi za mababu, na kwenye mkeka wetu hutaona rangi zikigeuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia kama zinavyogeuka kwenye milia ya joto. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hewa ikipanda nyuzi joto moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka ina mengi ya kushusha. Na joto lenyewe halina ubishi: 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa kalenda ambao wastani wa dunia ulizidi nyuzi 1.5 juu ya ule wa 1850 hadi 1900. Ukitaka watu waone hilo, suka mkeka wa pili wa joto, utandike kando ya wa mvua. Sisi tumeuanza, ukindu umetuishia.

Jambo moja la kushona nimelisahau. Pindo tia pande tatu tu. Upande wa kulia, mwaka wa mwisho ulipo, uache bila pindo, chane zikitokeza, ili ukili wa vuli ijayo upate pa kushikia. Mama mkwe anauona ni uchafu na kila akipita anausukuma chini ya mto. Wa 2024 ameshaushona. Rangi yake njoo uione. Leo asubuhi chupa ilikuwa na milimita 3, nimeziandika, nimemwaga.